Nani kasema nadharia ya lugha imekufa?

Tangu akili mnemba ianze kuandika Kiswahili kinachosomeka bila kukunja uso, kuna kauli inayozunguka kwenye semina za isimu hapa Dar es Salaam na kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu wa Kiswahili: isimu nadharia imekwisha kazi. Hoja yenyewe ni fupi. Kwa zaidi ya miaka sitini mwanaisimu wa Marekani Noam Chomsky na wafuasi wake walishikilia kwamba mtoto hawezi kujifunza lugha asipozaliwa na sarufi ya aina fulani kichwani. Sasa imekuja mashine ambayo haikuzaliwa na chochote, imelishwa maandishi tu, na inapatanisha ngeli vizuri kuliko baadhi ya watangazaji wetu wa redio. Basi vitabu vya sintaksia, yaani muundo wa sentensi, vifungwe na wanafunzi wapelekwe maabara ya kompyuta.

Naona kauli hiyo imesoma vibaya kilichotokea. Mashine zimeivunja hoja moja ya Chomsky, na ilikuwa hoja nzito. Lakini swali ambalo nadharia ya lugha iliundwa ili ilijibu liko palepale: kwa nini lugha za binadamu zinatofautiana kwa namna hizi na si kwa namna zile, na mtoto anafikaje pale anapofika kabla hata hajaanza shule? Tena ushahidi wa kuamua kilichobaki hautatoka kwenye Kiingereza, ambacho kimekwisha kuchunguzwa pande zote. Sehemu yake kubwa iko kwenye lugha za aina ya zetu. Hapo ndipo penye kazi, na hapo ndipo sisi wenyewe tumekuwa tukizembea.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1957 Chomsky alichapisha kitabu chembamba kilichobadilisha mwelekeo wa taaluma nzima. Ndani yake mna sentensi ambayo kila aliyepita darasa la isimu anaikumbuka, ile ya mawazo ya kijani yasiyo na rangi yaliyolala kwa hasira. Haina maana yoyote, lakini mzungumzaji wa Kiingereza anajua kuwa ni sentensi. Igeuze maneno yaanzie mwisho, na anajua papo hapo kuwa si sentensi. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kusikia hata moja kati ya hizo mbili, alisema Chomsky, mfumo unaohesabu tu maneno gani hufuatana na maneno gani ungeziona zote sawa. Miaka miwili baadaye akaichambua bila huruma nadharia ya mwanasaikolojia B. F. Skinner, aliyeichukulia lugha kuwa mazoea yanayojengwa kwa kichocheo na tuzo. Kutoka hapo likakua wazo la sarufi bia: kuna kitu mtoto anakuja nacho duniani, na bila kitu hicho, maneno machache na yenye kukatikakatika anayoyasikia nyumbani yasingetosha kumjengea sarufi kamili.

Kinachosahaulika ni kwamba kitu hicho kimekuwa kikipungua mwaka hadi mwaka, tena mikononi mwa Chomsky mwenyewe. Miaka ya 1980 kilikuwa furushi zima la kanuni za lugha zote na vigezo vinavyotofautisha lugha moja na nyingine. Kufikia 1995 alikuwa anatafuta kila kinachoweza kupunguzwa kipunguzwe. Mwaka 2002, katika jarida la Science, yeye na wenzake Marc Hauser na Tecumseh Fitch wakapendekeza kwamba huenda kilicho cha lugha peke yake, na cha binadamu peke yake, ni ule uwezo wa kupachika kirai (kundi la maneno) ndani ya kirai bila kikomo. Hata hapo hakupumzika. Mwaka 2005 Daniel Everett akadai kwamba Kipirahã, lugha ya msituni Brazili, hakina upachikaji wa namna hiyo. Akajibiwa kwa ukali na wanaisimu watatu mwaka 2009. Mwaka huohuo Nicholas Evans na Stephen Levinson wakaandika kwamba sifa bia zinazotajwa vitabuni ni ngano tu, kwa sababu ukitazama lugha za dunia kwa upana utakuta karibu kila moja ina lugha inayoikataa. Kwa hiyo anayedhani mashine ndizo zilizoanzisha ugomvi huu amefika msibani siku ya arobaini.

Mashine zenyewe ziliingia kwa kishindo mwaka 2020, ilipotoka GPT-3, modeli ya lugha, yaani mashine inayojifunza kutabiri maneno, yenye vigezo (namba za ndani inazorekebisha inapojifunza) bilioni 175, iliyofunzwa kwa vipande vya maneno takriban bilioni 300. Mwaka 2023 pande mbili zikajipanga hadharani. Steven Piantadosi wa Berkeley aliandika makala ambayo jina lake lenyewe lilitangaza kwamba modeli za lugha zimeukanusha mkabala wa Chomsky. Mwezi Machi mwaka huohuo, Chomsky, Ian Roberts na Jeffrey Watumull walikuwa wamechapisha makala katika New York Times wakisema modeli hizo hazituambii lolote kuhusu lugha ya binadamu, kwa sababu zingejifunza lugha isiyowezekana, yenye kanuni ambazo hakuna lugha ya binadamu iliyo nazo, kwa urahisi uleule zinaojifunza lugha inayowezekana.

Nianze na upande wa Piantadosi, maana una haki ambayo wafuasi wa Chomsky wanaona uchungu kuitoa. Madai ya 1957 kwamba takwimu haziwezi kutofautisha sentensi na rundo la maneno yamekufa, na yalikufa kabla ya ChatGPT. Mwaka 2000 Fernando Pereira alichukua modeli ya kawaida kabisa ya takwimu, akaipa sentensi zile mbili, na ikaipa ile sahihi uwezekano mkubwa mara 200,000 hivi kuliko nyingine. Mwaka 2016 Tal Linzen na wenzake walijaribu mitandao ya neva, mifumo ya kompyuta iliyobuniwa kwa kuiga seli za ubongo, katika upatanisho wa kiima na kitenzi kwenye sentensi zenye maneno ya kupotosha katikati. Haikuwa kamilifu, lakini haikuwa ya kubahatisha pia. Modeli za leo zimevuka hapo kwa mbali. Basi yule aliyekuwa anawaambia wanafunzi kwamba haiwezekani kamwe kujifunza muundo wa lugha kutokana na maandishi bila kuwekewa kanuni mapema, aache kusema hivyo.

Lakini kutoka hapo kufika kwenye "nadharia imekufa" ni kuruka mto bila daraja. Hoja inayotumiwa zaidi mitandaoni ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba mashine inazungumza, kwa hiyo hatuhitaji maelezo ya jinsi binadamu anavyozungumza. Mvuvi wa Kunduchi mwenye jedwali la maji kupwa na kujaa anajua saa ya kutoka na saa ya kurudi, na jedwali halimdanganyi. Halimwambii kuhusu mwezi. Aliyeandaa jedwali angeweza kulipata kwa kurekodi miaka mingi ya maji yalivyopanda na kushuka, bila kuuliza kwa nini, na lingefanya kazi vilevile Kunduchi. Ila lisingemsaidia mtu wa Mtwara. Modeli ya lugha iko hivyo. Inaweza kutabiri vizuri ndani ya lugha ambayo imesoma maandishi yake kwa wingi, na haina cha kusema kuhusu kwa nini lugha nyingine, ambayo haijaisoma, haina budi kuwa hivi au haiwezi kuwa vile. Nadharia nzuri ya lugha inakuwa na la kusema hapo, au inastahili kutupwa.

Kuna hoja ya kati iliyo imara zaidi, ya wingi wa data. Mtoto hafiki kwenye maneno bilioni 300. Inakadiriwa kuwa hadi anapoingia ujana amesikia maneno yasiyozidi milioni 100 hivi. Watetezi wa sarufi ya kuzaliwa nayo wanaishika sana hoja hii, na kwa muda ilikuwa ngome yao. Mwaka 2023 likaanzishwa shindano la BabyLM, ambamo washiriki wanafunza modeli kwa maneno milioni 10 au milioni 100 tu. Baadhi ya modeli hizo zilifanya vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Ngome imepata ufa, ila haijaanguka, kwa sababu shindano lile lilikuwa la Kiingereza, lugha ambayo kitenzi chake kina sura chache kiasi cha kuhesabika kwa vidole. Mzungumzaji wa Kiswahili anayesema "hawatatupikia" amebeba ukanushi, kiima, wakati, yambwa, mzizi na kauli ya kutendea ndani ya neno moja, na maumbo ya namna hiyo yanafika maelfu kwa kila mzizi. Mengi kati ya hayo mtoto hatawahi kuyasikia kabla ya kuyatumia. Modeli nyingi, kwa upande wake, hulikata neno hilo vipande kwa kufuata herufi zipi hukutana mara nyingi, bila kujali mpaka wa kiambishi. Kama modeli ya maneno milioni 10 ya Kiswahili inaweza kufikia hapo, tutakuwa tumejifunza jambo kubwa kuhusu uwezo wa kujifunza. Kama haiwezi, tutakuwa tumejifunza jambo kubwa zaidi.

Upande wa Chomsky nao una hoja yake mbovu, nayo ni ile iliyobebwa na makala ya New York Times. Wazo la lugha isiyowezekana lina historia ya heshima. Mwaka 2003 timu iliyokuwa na Andrea Moro ilichapisha utafiti wa ubongo wa Wajerumani waliofundishwa kanuni za kweli za Kitaliano na Kijapani pamoja na kanuni za kubuni, kwa mfano kuweka kikanushi baada ya neno la tatu, sentensi iwe na urefu wowote. Eneo la Broka, sehemu ya ubongo inayohusika na lugha, lilizidi kushughulika kadiri walivyozizoea kanuni za kweli, na si zile za kubuni. Ni matokeo mazuri. Lakini kusema kwamba mashine hazitofautishi kanuni za aina hizo mbili lilikuwa dai linaloweza kupimwa, na waliolitoa hawakulipima. Mwaka 2024 Julie Kallini na wenzake walilipima kwa modeli ya GPT-2, wakailisha Kiingereza kilichovurugwa kwa njia mbalimbali, zikiwemo kanuni za kuhesabu maneno, na modeli ilipata shida zaidi kwenye lugha hizo kuliko kwenye Kiingereza cha kawaida. Wapo waliojibu kwamba jaribio halikulinganisha hasa kile kinachobishaniwa, yaani kanuni inayofuata muundo wa virai dhidi ya kanuni inayofuata mpangilio wa maneno tu. Jibu hilo lina uzito. Hata hivyo mzigo wa kuthibitisha umehama, na mtu anayerudia dai la 2023 bila kuugusa utafiti huo anafanya siasa.

Kuna kambi ya tatu, na hii ni yetu. Inasema haya yote ni magomvi ya watu wa Massachusetts na California, kwetu sisi muhimu ni kukuza msamiati, kusanifisha istilahi na kufundisha. Nawaheshimu wanaosema hivyo, wengi wao wamefanya kazi kubwa kuliko yangu, lakini historia haiko upande wao. Sintaksia ya leo isingekuwa ilivyo bila lugha za Kibantu. Mwaka 1987 Joan Bresnan na Sam Mchombo, Mmalawi, walitumia Kichewa kuonesha kwamba kiambishi cha yambwa kwenye kitenzi kinaweza kuwa kiwakilishi kamili chenye kazi yake, jambo lililolazimisha upya mjadala wa upatanisho ni nini hasa. Mwaka 1988 Mark Baker alijenga sehemu ya nadharia yake ya unyambulishaji juu ya Kichewa hichohicho. Mwaka 1990 Bresnan na Lioba Moshi walionesha kwamba lugha za Kibantu zinagawanyika katika namna zinavyozitendea yambwa mbili. Kwa Kiswahili, "Mama alimpikia mtoto wali" inatupa "Mtoto alipikiwa wali," lakini "Wali ulipikiwa mtoto" inakataa kukaa mdomoni. Kwa Kivunjo cha Wachaga, yambwa zote mbili zinaweza kupanda na kuwa kiima. Tofauti hiyo moja ilikuja pamoja na tofauti nyingine kadhaa za viambishi vya yambwa, kana kwamba kuna swichi moja inayozigeuza zote, na wanasintaksia bado wanabishana kuhusu swichi hiyo iko wapi.

Kwenye fonolojia, yaani mfumo wa sauti za lugha, ni vivyo hivyo. Mkabala wa vipandesauti huru, unaoiweka toni (kupanda na kushuka kwa sauti) kwenye tabaka lake peke yake, ambao John Goldsmith aliuweka wazi katika tasnifu yake ya 1976, ulilazimishwa na toni za lugha za Kiafrika, ambazo zilikataa kukaa juu ya irabu moja zitulie kama vitabu vilivyotaka. David Odden alitumia miaka mingi kwenye Kimatuumbi cha huku kusini mwetu, na David Massamba alianza safari yake na toni za Kiruri kabla ya kutuandikia fonolojia kwa Kiswahili. Na hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa mashine hawalizungumzii. Kihaya, Kisukuma, Kimatuumbi na lugha nyingine nyingi za nchi hii huandikwa bila alama za toni, wakati toni ndiyo inayobeba sehemu ya sarufi yake. Modeli inayosoma maandishi ya lugha hizo inasoma lugha iliyopunguzwa. Kiswahili kilikwisha poteza toni, kwa hiyo kinatoa picha ya kudanganya kwamba Kibantu kinaingia kwenye maandishi bila hasara.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unahusu watoto. Mwaka 1987 Hagit Borer na Kenneth Wexler walidai kwamba kauli ya kutendwa inachelewa kwa watoto wa Kiingereza, hadi miaka minne au mitano, kwa sababu sehemu ya sarufi inayohusika nayo haijapevuka. Jambo la kibiolojia, kama kuota meno. Miaka miwili baadaye Katherine Demuth akachapisha data za watoto wa Lesotho waliokuwa wakitumia kauli hiyo kwa ufasaha kabla ya kutimiza miaka mitatu. Biolojia ya mtoto wa Lesotho ni ileile ya mtoto wa Boston. Tofauti ilikuwa kwenye lugha: kwa Kisotho huwezi kuuliza "Nani amepika?" ukiwa umeweka neno la kuuliza mahali pa kiima, ni lazima uzunguke, na njia mojawapo ya kawaida ni kuuliza chakula kimepikwa na nani. Mtoto anaisikia kauli ya kutendwa kila siku, jikoni na uani, kwa hiyo anaidaka mapema. Baadaye Katie Alcock na wenzake walitazama watoto wa Kiswahili na Kigiriama huko pwani ya Kenya, nao waliikuta kauli hiyo mapema. Wapo waliohoji kama maumbo yale ya Kisotho ni kauli ya kutendwa ya kweli, na ubishi haukuisha. Lakini tazama kilichotokea. Nadharia ilitoa utabiri unaoweza kukosea, lugha ya Kibantu ikaupima, nadharia ikalazimika kujitetea. Hakuna modeli iliyokuwepo, wala haikuhitajika.

Sasa tufanye hivyo na kitu chetu wenyewe. Kila Mswahili anasema "rafiki yangu mzuri amefika." Isikilize polepole. Kimilikishi "yangu" kinafuata ngeli ya neno, ile ya nyumba na nguo. Kivumishi "mzuri" kinafuata maana, kwamba rafiki ni mtu. Kitenzi "amefika" kinafuata maana vilevile. Ndani ya kirai kimoja nomino imetoa amri mbili tofauti na hakuna anayejikwaa. Maneno ya ukoo na ujirani ndivyo yalivyo: ndugu yangu, jirani yangu, adui yangu. Mnyama hana upendeleo huo, ni mbwa wangu na simba wake. Darasani tunalitaja hili kama jambo la kukariri na kupita. Lakini mwaka 1979 Greville Corbett alipendekeza kwamba upatanisho wa kimaana katika lugha zote hupanda kwa ngazi: ni mdogo kwenye maneno yanayoambatana na nomino, unaongezeka kwenye kitenzi, unaongezeka zaidi kwenye virejeshi na viwakilishi. Hairuhusiwi kupanda kisha kushuka.

Chukua basi sentensi nne. Ya kwanza ni "Rafiki yangu mzuri amefika." Ya pili ni "Rafiki wangu mzuri amefika," ambayo utaisikia kwa baadhi ya watu, hasa ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili. Ya tatu ni "Rafiki yangu nzuri imefika." Ya nne ni "Rafiki wangu mzuri imefika." Mbili za mwisho hazitamkwi na mtu mzima yeyote mwenye Kiswahili chake, na kwa mwalimu zote ni makosa, alama ni sifuri. Kwa nadharia ya Corbett haziko sawa hata kidogo. Ya tatu inafuata ngeli mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo inaruhusiwa na ngazi, na tungetarajia kuisikia kwa mtoto mdogo anayejifunza. Ya nne inaanza na maana kisha inarudi kwenye ngeli, na ngazi inaikataza, kwa hiyo hatutarajii kuisikia hata kwa mtoto, hata kwa mgeni. Huo ni utabiri kuhusu sentensi ambazo karibu hazipo kwenye maandishi. Na hapo ndipo mashine inapopata kazi ya maana. Tuiulize inazipa sentensi ya tatu na ya nne uwezekano gani. Ikiziona sawa, basi imejifunza Kiswahili bila kujifunza kile kinachokizuia Kiswahili kisiende huko. Ikiitenga ya nne, basi Piantadosi amepata ushindi mzuri kuliko wote alioupata kwa Kiingereza, na sisi wa nadharia itabidi tueleze ngazi ile inatokana na nini kama inaweza kuokotwa kwenye maandishi matupu. Mwaka 2018 kulichapishwa jaribio maarufu la aina hii kwa mitandao ya neva. Lugha zake zilikuwa Kitaliano, Kiingereza, Kiebrania na Kirusi. Hakuna hata moja yenye ngeli zinazokaribia zetu.

Kikwazo ni kwamba hatuna tabia ya kuzijaribu nadharia. Fungua tasnifu nyingi za isimu zinazoandikwa nchini na utakuta sehemu inayoitwa kiunzi cha nadharia. Inasema nadharia fulani iliasisiwa na fulani mwaka fulani, mihimili yake ni hii mitano, na mtafiti ameiteua kwa sababu inafaa kuchunguza mada yake. Kisha kiunzi kinaachwa hapo. Sura ya nne inakuja na data safi, mara nyingine data ambayo mtu alitembea vijiji kuitafuta, na mwisho tunaambiwa data imethibitisha mihimili. Sijawahi kuelewa mhimili uliothibitishwa na kila data una faida gani. Wanafunzi hawana kosa, ndivyo wanavyosimamiwa na ndivyo wanavyosahihishwa. Kama kuna kitu ambacho mashine inaweza kukiua kabisa ni tasnifu ya namna hiyo, kwa sababu inaweza kuiandika mihimili mitano kwa sekunde chache, na bila makosa ya upatanisho.

Kuna suala pia la Kiswahili gani. Modeli imesoma magazeti, tafsiri za vitabu vya dini, kurasa za serikali na ensaiklopidia za mtandaoni. Humo gari limejaa. Simama Mbagala Rangi Tatu jioni umsikilize konda: gari imejaa, gari inageuza. Mtoto anayekulia hapo anaisikia "imejaa" nje na "limejaa" kwenye taarifa ya habari, na akifika darasa la pili anajua ipi ni ya wapi. Ujuzi huo wa kujua ipi ni ya wapi ni sehemu ya umilisi wake, yaani ujuzi wa lugha alio nao kichwani, na nadharia nyingi za sarufi hazijui pa kuuweka. Ni madai dhidi ya Chomsky, aliyejenga juu ya mzungumzaji mkamilifu katika jamii isiyo na mchanganyiko. Ni madai dhidi ya modeli pia. Kamil Deen aliandika mwaka 2005 kitabu kizima kuhusu watoto wa Kiswahili wanavyojifunza viambishi vya kitenzi, na watoto wake walikuwa wa Nairobi. Ni kazi nzuri. Lakini Kiswahili cha Nairobi kina mambo yake, na mtu wa Temeke atakubaliana nami bila kulazimishwa.

Kivitendo hii ina maana gani? Kwanza, jopo la kutetea tasnifu liulize swali moja tu kuhusu kiunzi cha nadharia: ni data gani ingekufanya uiache nadharia hii? Asiye na jibu arudi akafikiri. Pili, tunahitaji rekodi za watoto wa Dar es Salaam wakizungumza na wazazi wao, wakigombana na wenzao, wakikosea, kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi minne, miezi mingi mfululizo, zikiwa zimenukuliwa vizuri. Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Kinachogharimu ni saa za kunukuu, ambazo ni nyingi mara kadhaa kuliko saa za kurekodi, na watu wa kuzifanya tunao, wahitimu wa isimu ambao sasa wanalipwa vipande vipande kusahihisha Kiswahili cha mashine za kampuni za nje. Tatu, kazi ya sampuli kama ile ya sentensi nne iongezwe kwenye lugha nyingine. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi mwaka 2009 yenye lugha zaidi ya 150, na humo zimo za Kibantu, Kiniloti, Kikushi, pamoja na Kisandawe na Kihadza zenye sauti za kidoko, zile zinazopigwa kwa ulimi. Kihadza kina wazungumzaji wapatao elfu moja. Hakina maandishi ya kulisha modeli yoyote, na hakitakuwa nayo. Anayekwenda Ziwa Eyasi na siku chache za kufanya kazi na mzee mmoja lazima ajue mapema ni sentensi ipi ya kuuliza na ipi ya kuacha, na kujua hilo ndiko kunakoitwa nadharia.

La mwisho ni la umiliki. Sauti za Kiswahili sasa zina soko, na rekodi za watoto zina thamani kuliko za watu wazima, kwa wanaisimu na kwa wafanyabiashara. Zikikusanywa bila utaratibu zitaishia kwenye seva ambazo mtafiti wa hapa ataziomba kwa barua na kusubiri. Ridhaa ya wazazi iandikwe kwa Kiswahili wanachokielewa, majina yafutwe, na nakala kamili ibaki chuoni, chini ya masharti ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuyatimiza kwa wiki moja.